Upande wa Shaame

Sinia letu halina mistari
lakini kila mtu anaujua upande wake.
Mama hula karibu na mlango,
shangazi Mize karibu na mtungi,
mapacha wanagombana mpakani,
na mimi nimepakana na Shaame,
mdogo wangu, darasa la tatu,
ambaye tangu mfunguo sita
hajavuka ukingo wa wali mweupe.

Siku ile alikuwa changu wa kuchoma.
Mwiba ulimkwama hapa
(nikisema hapa, hata leo, mkono wangu unapanda shingoni).
Akapewa tonge kavu: haukushuka.
Ndizi mbivu: haukushuka.
Shangazi alimpiga mgongoni hadi mapacha wakalia.
Kisha ukatoka, mdogo, mweupe,
kama kitu ambacho hakikufanya lolote.
Mama akauweka dirishani. Alhamdulillahi.
Tukaendelea kula.

Sisi tuliendelea.

Yeye kwanza aliacha samaki.
Kisha mchuzi, kwa kuwa samaki ameupitia.
Kisha muhogo, una nyuzi.
Maharage yana maganda, chungwa lina ngozi,
boflo lina gamba; akawa anakula moyo wake tu,
akiufinyanga kwa vidole uwe gololi,
akiubonyeza, akiusikiliza.

Wakasema anadeka.
Wakasema baba akirudi kutoka Unguja
mtoto huyu atakula hata kijiko.
Wakasema ni jicho la mtu.
Shangazi akampeleka kwa mwalimu wa chuo,
akaandikiwa kombe kwa zafarani
kwenye sahani nyeupe.
Shaame alilinywa lote, akairamba sahani,
watu wakafurahi: limekubali!
Mimi nilimwona alivyolikazia macho kwanza
hadi herufi ya mwisho ikayeyuka.
Usiku, mkekani, alininong'oneza:
"Kombe halina mwiba."

Basi nikawa namlia,
si kwa machozi, kwa mkono.
Mama akigeuka kuchukua pilipili
napitisha vidole mpakani,
naupunguza mlima wake matonge mawili, matatu,
namwachia bonde la kuaminika.
Nilinenepa mimi.
Majirani wakasema naanza kuwa mwari.
Yeye kaptura ya skuli
aliifunga kwa uzi wa nailoni.

Jumatatu, mstarini, jua halijakaza,
alishuka taratibu
kama kanzu iliyoteleza kambani.
Mwalimu Asaa alimbeba kwa mkono mmoja.
Mmoja tu. Mwengine ulishika madaftari.

Hospitali ya Wete, daktari akauliza: Anakula?
Mama akasema: Anamaliza.
Akaapa. Upande wake haubaki punje.
Nikatazama vidole vyangu.
Vilikuwa na harufu ya bizari.

Nilisema. Sijui nilianzia wapi.
Mama hakunipiga; alikaa chini, sakafuni,
palepale mbele za watu, buibui likamvimba pembeni.
Daktari akasema: mtoto huyu hachagui.
Mwiba umetoka, lakini koo linakumbuka,
na linamlinda kwa kumfunga.
Msimpige. Msimhonge kwa peremende.
Na wewe, akanigeukia,
usimbebee tena mzigo huu kwa tumbo lako.

Sasa Shaame ana sahani yake,
ya bati, yenye ua jekundu lililochubuka.
Jioni namchambulia changu chini ya taa,
kila mwiba naulaza kwenye karatasi ya daftari
naye anahesabu.
Jana walikuwa thelathini na mmoja;
yeye huihesabu miiba kama watu.
Akisema rudia, narudia,
naipekua nyama ile ile hadi inakuwa pamba.
Kisha anachukua kipande kidogo kuliko punje ya mtama,
anakiweka hapo midomo inapokutana,
anakiacha kikae.
Mapacha wanataka kupiga makofi, Mama anawafinya.
Nje muadhini anakohoa kabla ya kuanza.

Jana alikirudisha sahanini.
Kilikuwa kimelowa mate yake.

Mimi sikukila.